Supu ya Dilly

Nora Stobbs alikufa akiamini kwamba Dilly ametangulia. Hilo ndilo lililomkwama mumewe, Sep, kooni. Kifo chenyewe Sep alikuwa amekikubali. Mapafu ya Nora yalikuwa yamechoka kitambo, na daktari hakuwaficha. Lakini kufa na uongo kifuani, uongo ulioletwa kitandani na ndugu wa tumbo moja, hilo Sep hakulimeza.

Dilly alikuwa fereti. Pale kijijini Thornlaw, tangu mgodi haujafungwa, kila nyumba ilikuwa na kibanda cha fereti uani, na wakati wa mgomo, mishahara ilipokatika, fereti ndio waliotia nyama chunguni. Ni mnyama mwembamba mrefu, nduguye kicheche. Anaingia shimo la sungura, sungura anatoka mbio, wavu unamdaka. Wanaume waliwafuga kwa kazi. Nora aliwafuga kwa mapenzi, kazi ikafuata. Dilly alikuwa mweupe, sikio la kushoto lina pengo, na alizoea kulala ndani ya mfuko wa aproni wakati Nora anamenya viazi.

Majira ya baridi Nora alipolazwa, Sep hakubanduka hospitalini. Nora akamwomba mdogo wake, Lance Garthwaite, amtunze Dilly na amtoe nje japo mara moja anyooshe miguu. Lance akasema ndiyo. Lance hakuwahi kukataa neno maishani mwake. Kutenda ndiko kulikokuwa kunamshinda.

Akaja hospitalini kofia mkononi. Alisema Dilly ameshikwa na homa, amekufa usingizini, mapajani mwake.

"Nimemzika kwa mikono yangu, dada. Nyuma ya klabu, chini ya ule mti wa miiba. Nimemwekea na jiwe."

Nora aliuliza kama Dilly alikuwa anakula. Lance akajibu alikula vizuri tu, mkate na maziwa.

"Mkate na maziwa," Nora akasema, akageukia ukutani. Hakuzungumza sana tena baada ya hapo.

Kwenye mazishi Lance alibeba jeneza upande wa mbele, akaimba kuwapita wote. Watu walimpa mkono. Sep naye alimpa.

Theluji ilikuwa bado haijaisha kwenye vivuli Ivy Coulthard alipobisha mlango wa nyuma. Ivy ni mjane wa shamba la juu, mfuga kuku, mwanamke wa maneno makavu. Alikuwa ameshika ndoo iliyofunikwa gunia.

"Kaa kwanza, Sep. Sitaki kukuokota chini na wewe."

Sep hakukaa. Akafunua gunia. Ndani ya ndoo, juu ya majani makavu, kulikuwa na kitu kama soksi chafu iliyokamuliwa. Soksi ikafungua jicho. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo.

Ivy alisema amemkuta ndani ya banda la kuku, amelala katikati yao, nao wanamparua tu kama takataka. Fereti ndani ya banda la kuku, na hakuna hata kuku mmoja aliyepoteza unyoya. Hapo ndipo alipojua kuna jambo.

Sep akamnyanyua. Alikuwa mwepesi kama karatasi. Taya limevimba. Meno marefu ya mbele yamevunjika yote, yamebaki vigutu. Akageuza vidole vya Dilly, akaviangalia mwangani, kimoja kimoja. Kucha hakuna. Zilikuwa zimelika mpaka kwenye nyama.

Mtu wa Thornlaw haambiwi maana ya kucha kama zile. Fereti akimuua sungura chini, hula akashiba, akalala hukohuko. Giza likiingia hajatoka, mwenye fereti huziba matundu yote kwa mawe na udongo asije akatoka usiku akapotea. Alfajiri anarudi kufungua. Kurudi ndiyo sheria. Mvua inyeshe, theluji ianguke, mke awe na uchungu wa kuzaa, unarudi. Pale watu wamesamehe wizi, wamesamehe ngumi kanisani, wapo waliosamehe hata uzinzi. Ila kumziba fereti kisha ukalala kwako, ukamwacha achimbe mawe kwa meno, hilo halijawahi kutafutiwa msamaha.

Na siku zile kulikuwa na theluji, na Lance alikuwa mtu wa kupenda blanketi.

"Kumzika alimzika kweli," Sep akasema.

Akamrudisha Dilly kwenye ndoo taratibu. Akaenda nyuma ya mlango, akachukua mpini wa sururu aliokuja nao siku mgodi unafungwa. Ivy, aliyesimama mlangoni, hakumpisha.

"Nenda," akamwambia. "Mvunje mbavu. Kesho wewe uko ndani, yeye yuko hospitalini anapelekewa keki, na kijiji kizima kinasema maskini Lance, shemeji yake amerukwa na akili kwa msiba. Na huyu atakuwa amekufa ndani ya ndoo yangu. Sasa sema huo utakuwa ushindi wa nani."

Sep akaupima uzito ule mpini mkononi. Kisha akarudisha mpini.

Aliliona lote kwa mara moja, kama mtu anavyoona njia radi ikipiga. Fereti mfu hashtaki. Lance angesema siye, fereti weupe wamejaa, wenye masikio mabovu wamejaa. Ila Dilly hai, akisimama kwa miguu yake juu ya meza ya maonyesho ya kiangazi, mbele ya kila mfuga fereti wa mabonde yale, huyo asingehitaji wakili. Basi Dilly asife. Akamwomba Ivy anyamaze, na Ivy akasema kunyamaza ni kazi ngumu ila ataijaribu.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mbaya. Sep akafanya alivyoona baba yake akifanya, na babu yake kabla ya baba: akachana mkate, akaumwagia maziwa ya moto, akampelekea Dilly mdomoni. Dilly alilamba kidogo, kwa njaa. Jioni alikuwa anaharisha maji ya kijani, na asubuhi hakuinua kichwa.

Hapo ndipo Sep alipomsikia Nora sawasawa. Si mzimu; ni yale maneno aliyomwambia maisha yote naye hakuyaweka maanani. Nora alikuwa akigombana na wanaume wa klabu nzima juu ya mkate na maziwa. Akiwaambia kicheche porini hana ng'ombe wala tanuri, kwa hiyo nani aliwaambia ale mkate? Wakamcheka. Sep alikuwa akicheka nao. Huku nyumbani Nora anapika supu yake nzito kwa ajili ya fereti wazee na wagonjwa, na Sep anapita na gazeti, anasema nyumba hii wanyama wanakula vizuri kuliko mimi.

Hakuwahi kutazama ilipikwaje. Sasa alilipa kwa hilo. Alijua ni kuku, kwa sababu ya harufu. Alijua kuna ile mashine ya mkono ya kusagia nyama, kwa sababu alikuwa akiifunga yeye mezani Nora akimwita. Mengine aliyatafuta gizani.

Akapika mapaja ya kuku na ngozi yake, moto mdogo, mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe. Akatupa mifupa, mfupa uliopikwa huvunjika vipande vikali kama sindano, hilo alilijua hata yeye. Akaongeza maini na mioyo. Akasaga, akarudia kusaga, akapitisha kwenye chujio, akazimua kwa mchuzi wenyewe mpaka ikawa uji wa kahawia. Dilly akanusa, akageuza uso. Akaongeza kiini cha yai. Akageuza uso. Akampa kwa kijiko, kijiko akakipiga teke.

"Kula," Sep akamwambia. "Huli kwa ajili yangu. Kula umwaibishe yule."

Dilly akafumba macho.

Ivy ndiye aliyemfungua Sep macho, naye hakujua. Alikuja na mayai, akamkuta Sep amepiga magoti na kijiko, akamuuliza tangu lini Nora alitumia kijiko. Sep akakumbuka vidole vya Nora, daima vinang'aa mafuta. Akachovya kidole, uji ukiwa na uvuguvugu wa mkono, akampaka Dilly juu ya nyayo za mbele. Fereti havumilii uchafu nyayoni. Dilly akafungua jicho moja, akaangalia ule mguu kwa chuki, akaulamba. Akapakwa tena, akalamba tena. Mara ya tatu alikilamba kidole chenyewe, na Sep alibaki hapo sakafuni mpaka magoti yakafa ganzi.

Tangu siku ile maisha yake yalikuwa ni sufuria. Alipika, akagandisha vipande, akayeyusha, akapasha. Alimlisha kidogokidogo mchana kutwa. Na kila alipomlisha alisema naye, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Alimwambia habari za Lance. Alimwambia jinsi alivyoimba makaburini. Alimwambia Nora alivyogeukia ukutani. Wapo wanaosema mgonjwa hulishwa kwa upendo akapona. Sep alimlisha yule kwa chuki, chuki iliyojaa hata ukingoni, na Dilly akanenepa.

Lance alikuwa na kawaida ya kupita siku za Jumapili, kumjulia hali shemeji. Sep hakumzuia. Angemzuia, angeuliza kwa nini. Jumapili moja aliingia bila kubisha, na sufuria iko motoni. Dilly alikuwa kwenye chumba kidogo cha kufulia, mlango umerudishwa tu.

"Shemeji, hapa kunanukia," Lance akasema, akavuta kiti. "Unapika nini?"

"Supu."

"Mwanamume mpweke anapika supu ya namna hii? Nora angefurahi." Akaipangusa pua. "Nipe basi kidogo, nje kuna upepo wa kukata masikio."

Sep akamtazama kidogo. Kisha akatoa bakuli, akampakulia maini, mioyo, ngozi ya kuku na kiini cha yai vilivyosagwa mara mbili, bila chembe ya chumvi. Akamwekea na kijiko.

Lance akala. Akasema inateleza yenyewe, haihitaji hata meno. Akaomba nyingine. Katikati ya bakuli la pili akaanza kumzungumzia Dilly, maana alipenda kulirudia lile jambo. Kila akirudia, ile homa ilizidi kuwa kali na mapaja yake yanazidi kuwa laini. Safari hii Dilly alikuwa amemtazama usoni kabla ya kukata roho, kama anayemshukuru.

Nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia kitu kikakwaruza.

"Panya hao?" Lance akauliza.

"Wapo," Sep akasema. "Kunywa supu, shemeji."

Alipoondoka, Sep aliliosha lile bakuli kwa maji ya moto mara mbili, asije akamlishia Dilly ndani yake.

Maonyesho ya kiangazi hufanyika uwanjani nyuma ya klabu. Meza ndefu, kitambaa cheupe, vizimba vimepangwa chini ya hema, watu na bia zao. Mwaka ule Lance alikuwa na dume lake, Meja, la rangi ya mchanga, zuri kwa kweli, na kila mtu alikuwa ameshalitabiria kikombe kabla halijapimwa. Mwamuzi aliletwa kutoka bonde la pili: Bi Mavis Teasdale, mama mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, asiyependelea mtu wala mjomba wa mtu.

Lance akamwona Sep akija na kisanduku. Akamfanyia nafasi, akawaambia waliokuwa karibu kwamba ni vizuri, ni vizuri sana, mzee amepata fereti mwingine, ameanza kutoka nje.

Sep akapita na kisanduku chake. Akasubiri kundi la majike wazee liitwe. Zamu yake ilipofika, akafungua kisanduku, akamweka Dilly juu ya kitambaa cheupe.

Dilly alisimama. Manyoya yalikuwa yamerudi, meupe, mwili umejaa. Akajinyoosha mgongo, akanusa upepo. Mtu mmoja nyuma akasema, mbona kama yule wa Nora. Akanyamazishwa, kwa sababu wa Nora alikuwa amelala mita chache kutoka pale, chini ya jiwe.

Bi Mavis akamchukua kama wanavyochukuliwa, mkono mmoja chini ya mabega. Akamsifia manyoya, akamsifia uzito kwa umri ule. Kisha akamfungua mdomo. Akamgeuza miguu ya mbele, akabonyeza vidole. Kucha zilikuwa zimeota, ila zimeota vibaya, zimepinda, mbili hazikuota kabisa.

"Mzee Stobbs," akasema, na ile sauti yake ilifika mpaka kwenye mapipa ya bia, "nani aliyemziba huyu?"

Hema zima likageuka. Pale hapakuwa na mtu asiyelijua swali lile.

Sep alikuwa amelitayarisha jibu tangu theluji. Alikuwa na maneno mengi, ameyanoa mengi, mengine yalikuwa makali kiasi kwamba aliyacheka peke yake jikoni. Ulipofika wakati akayaona yote marefu.

"Ni Dilly wa Nora," akasema. "Kamuulizeni Lance. Ndiye aliyemzika."

Wanaume wawili walitoka, wakaenda kwenye mti wa miiba, wakaliviringisha lile jiwe pembeni kwa mguu. Mmoja akachimba kwa kisigino, halafu kwa kijiti. Udongo ulikuwa haujawahi kuguswa. Wakarudi wakasimama walipokuwa.

Lance alianza kusema. Alisema theluji ilikuwa nyingi. Alisema alikusudia kurudi, na siku ya pili alikusudia tena, na siku ya tatu aliona haya kwenda kufungua asije akakuta maiti, kisha dada yake yuko vile, angemwambia nini? Alisema alimhurumia dada. Alikuwa anamtazama kila mtu kwa zamu, na kila aliyetazamwa aliangalia bia yake.

"Mtoe Meja wako mezani, Lance," Bi Mavis akasema. "Simpimi."

Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yote. Lance akabeba kisanduku chake, na watu wakampisha njia pana, pana kuliko aliyohitaji.

Sep alikuwa amedhani atajisikia vizuri. Na alijisikia vizuri. Asiseme mtu kwamba kisasi hakina ladha. Alirudi nyumbani, akampasha Dilly chakula chake, akala na yeye mkate na jibini, akalala usingizi ambao hakuupata tangu Nora alazwe. Ila asubuhi aliamka akiwa na hamu ya kumsimulia mtu, na aliyetaka kumsimulia alikuwa mmoja tu.

Kuhusu Lance, kijiji kilimaliza kazi chenyewe. Msimu wa sungura ulipoanza hakuna aliyemwambia twende. Nyavu zinahitaji watu. Mtu mmoja hawezi kuyalinda matundu yote. Klabuni alipoketi, meza nzima ilikumbuka ina shughuli kwingine. Ivy alikataa hata kumuuzia mayai, akamwambia kuku wake hawapendi.

Majani yalikuwa yanaanguka mlango wa nyuma ulipobishwa tena. Lance alikuwa amesimama kwenye mvua, kisanduku amekikumbatia tumboni chini ya koti. Alikuwa amekonda. Sep akasimama mlangoni, akaujaza.

Lance akasema ni Meja. Amevimba mdomo, jipu limepasuka ndani, hawezi kutafuna. Amempelekea kila mtu, hakuna aliyemfungulia. Amempa mkate na maziwa, anaharisha tu.

"Shemeji, nimekosa," akasema. "Najua nilichofanya. Nisamehe kwa ajili ya Nora."

"Usimtaje," Sep akasema. "Hajala tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Fungua."

Lance akafungua kifuniko kidogo. Ndani, lile dume zuri la kiangazi lilikuwa limelala ubavu, shingo imelegea. Sep akapenyeza kidole, akaligusa taya. Meja akajaribu kukilamba.

"Nifundishe tu hiyo supu," Lance akasema. "Nitaipika mwenyewe. Nitakesha naye, naapa."

Sep akamtazama sana. Angeweza kumfundisha, ni maneno machache. Angeweza pia kufunga mlango, na yule mnyama angekufa kabla ya Jumapili, na Lance angepata kaburi la kweli la kuchimba. Alilifikiria hilo. Lilikuwa tamu, na alilikalisha ulimini kidogo.

"Mwache hapa," akasema hatimaye. "Lakini usije kumfuata. Akiingia kwangu, harudi kwako. Hata ukimpitia njiani, hutamwita jina."

Maji yalikuwa yanamtiririka Lance kutoka kwenye kofia hadi kwenye kisanduku, akakigeuza asilowe mnyama, akalowa yeye mgongo.

Sep alimngoja akatae. Ukweli ni kwamba alitaka sana akatae. Mtu ambaye angeondoka na mnyama wake akamfie mikononi, kwa kiburi tu, mtu huyo angechukiwa mpaka mwisho bila taabu.

Lance akainama, akasema kitu kupitia matundu ya kisanduku, hakikusikika. Kisha akakisukuma mbele kwa mikono miwili.

Sep akakipokea. Hakushukuru wala hakuaga. Akafunga mlango, akaweka komeo, na akiwa bado amempa mlango mgongo akaanza kuwaza kama kwenye friji kumebaki kuku, na kama mchuzi wa jana utatosha wawili.